Nyuki wa Darini: Mama Nyuki, Shule Yetu na Udongo Ambao Haukuchotwa

Kisa hiki nimekaa nacho zaidi ya mwaka kabla ya kukiandika. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule wakati kinatokea. Ahadi iliyovunjwa ilitolewa mbele yangu na sikuifuatilia. Kwa hiyo msomaji asinichukue kama mtazamaji wa pembeni.

Kijiji chetu kiko wilayani Manyoni, upande wa chini, kati ya Kintinku na ule ukuta wa Bonde la Ufa ambao treni ya Reli ya Kati huupanda kabla ya kufika Manyoni mjini. Mvua kwetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ni vumbi na upepo. Tunalima mtama, uwele na alizeti. Shule ya msingi ina majengo matatu. La zamani lina dari ya mbao na ufa mrefu kati ya ukuta na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, mpana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Kisa chote kimepita kwenye ufa huo.

Mama mwenyewe nitamwita Mama Nyuki, kama kijiji kinavyomwita. Kazi yake si nyuki. Anauza chai na chapati stendi, chapati sitini kila asubuhi, na kwa shilingi 500 kila moja ndiyo inayomlisha na kusomesha wajukuu wawili. Nyuki ni mapenzi yake. Baba yake alikuwa na mizinga ya magogo kwenye mibuyu na mikwaju, naye akiwa binti mdogo alikuwa akibeba kinga cha moto hadi chini ya mti na kubaki hapo, kwa sababu kupanda mbuyu usiku haikuwa kazi ya mwanamke. Alibaki chini ya mti kwa miaka mingi. Siku afisa nyuki wa wilaya alipokuja kufundisha mzinga wa sanduku, ule unaokaa juu ya miguu yake kwa kimo cha kiuno, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa ana mizinga tisa. Mwaka wa mvua nzuri hupata ndoo mbili za lita 20. Mwaka wa ukame hupata ya kulamba tu, na mara mbili makundi yake yamehama yote, maana nyuki wetu hawa wa Afrika wakiona njaa hawana muda wa kukusubiri.

Kilichomtangaza zaidi ni kwamba huitwa. Nyuki wakitua kwenye choo cha mtu, kwenye pampu ya kisima, kwenye dirisha la kanisa, simu yake inalia. Anakwenda usiku, anawatoa wakiwa hai, anaondoka nao. Hadi mwaka ule hakuwahi kutaja bei.

Kundi la kwanza

Walikuja Septemba, migunga ikianza kuchanua. Saa nne asubuhi walitua kwenye mwarobaini nyuma ya chumba cha Darasa la Nne, wakaning'inia kama kibuyu. Mwalimu wa zamu aliwaondoa watoto eneo lile, na hilo lilikuwa sahihi. Kosa la kwanza likafuata papo hapo: tuliamua kusubiri waondoke wenyewe.

Sisi wengine tulikuja kulijua hili baadaye, lakini Mama Nyuki alikuwa analijua tangu utoto. Kundi linaloning'inia mtini ni pole kuliko litakavyokuwa tena. Limetoka nyumbani tumbo likiwa limejaa asali, halina masega, halina watoto wa kulinda. Ukipata sanduku na brashi laini ya majani, unalikung'uta ndani na kufunika, kazi ya nusu saa. Baada ya siku mbili kundi liliondoka kweli. Lilisogea hatua kumi na mbili, likaingia kwenye ufa.

Ndani ya dari malkia akaanza kutaga, na malkia mwenye nguvu hutaga hadi mayai 1,500 au zaidi kwa siku. Yai la nyuki kibarua huwa nyuki kamili kwa takriban siku 20. Tulipokuja kushtuka, wiki tatu zilikuwa zimepita, upimaji wa Darasa la Nne ulikuwa unakaribia, na juu ya vichwa vya watoto kulikuwa na nyumba yenye vizazi. Nyuki wa namna hiyo hawachezewi. Anayeuma huacha mwiba na harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Aliyeumwa mara moja akikawia hapo ataumwa mara nyingi.

Kikao cha dharura kilikaa Alhamisi jioni. Baba mmoja alisema amwage petroli kwenye ufa usiku, na wengi tuliitikia kwa kichwa. Ilikuwa nafuu, ilikuwa ya haraka, na kila mtu pale aliwahi kuona ikifanyika. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyesema, "Tumwite kwanza Mama Nyuki, tumsikie."

Alikuja na aproni yake ya unga. Alisalimia, "Mbukwenyi," akasikiliza, kisha akauliza swali moja: dari ni ya nini? Ya mbao, tukamjibu. Kenchi je? Mbao. "Sasa mnataka kuua nyuki au kuchoma shule?" Kisha akaeleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Hata moto usiposhika, nyuki wakifia mle ndani, masega yatabaki. Asali itavuja, siafu watakuja, na harufu ya nta itabaki ikiita kundi jingine msimu ujao. Kwa maneno yake, ukiua nyuki bila kuondoa nta umefagia nyumba na kuacha mlango wazi.

"Nipeni siku mbili," alisema. "Ijumaa usiku natoa masega. Jumamosi mzinga unashinda hapohapo ili walio nje warudi. Jumamosi usiku nawabeba. Jumapili asubuhi mnakwangua nta iliyobaki, mnaosha, mnaziba ule ufa. Jumatatu watoto wanaingia."

Tukakubaliana. Hakuna aliyeandika.

Usiku wa Ijumaa

Nilishika tochi. Mama Nyuki aliifunga kitambaa chekundu cha kanga kuukuu, kwa kuwa nyuki hawaioni vizuri rangi nyekundu, wakati mwanga mweupe wanaufuata moja kwa moja hadi usoni. Kwenye bomba la moshi aliweka mavi ya ng'ombe makavu na magunzi. Moshi ule ni mzito na wa taratibu. Unafunika ile harufu ya hatari, na nyuki wakiusikia hukimbilia kujaza matumbo asali, wakadhani nyumba inaungua.

Aling'oa ubao mmoja wa dari. Masega yalikuwa saba, meupe kabisa, mengine marefu kama mkono wangu. Sikutegemea kuona uzuri mahali pale, lakini niliuona. Yenye asali aliyaweka kwenye ndoo na kufunika. Yenye majana, yaani nyuki wachanga ndani ya vijumba vyao, aliyafunga moja moja kwa nyuzi za katani kwenye vijiti vya juu vya mzinga, kama mtu anayefunga kidonda. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na yale ambayo hayana asali. "Mama hakimbii akiwa na mtoto mgongoni. Nikiwapa watoto wao, watakaa."

Malkia hakumwona. Alichota nyuki kwa viganja, kundi baada ya kundi, akawamimina mzingani, kisha akakaa kimya akisikiliza. Baada ya muda nyuki waliobaki kwenye kenchi wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea kwenye mlango wa mzinga, msururu mmoja, matako juu, wakipepea mbawa. "Yumo," alisema.

Jumamosi yote mzinga ulikaa chini ya ule ufa. Usiku vijana wawili waliubeba kwa mti mabegani, zaidi ya kilomita tano, hadi kwenye mizinga yake kule korongoni. Umbali una sababu. Ukiwapeleka karibu, nyuki wa nje kesho yake watarudi palepale walipopazoea. Mkokoteni wa punda uliopendekezwa aliukataa katakata: punda aliyefungwa kwenye mkokoteni hana pa kukimbilia, na nyuki wakitoka wataua mnyama kabla hujamfungua kamba.

Asubuhi mbili hakuuza chapati. Ile asali iliyokuwa kwenye ndoo, lita zisizofika nne, aliipeleka jikoni kwa mwalimu mkuu iwe ya watoto.

Udongo

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo kisa kilipo.

Jumapili asubuhi watu walikuwa kanisani. Jumatatu ilikuwa wiki ya maandalizi ya mtihani. Fundi aliyepewa kazi alikagua ufa akasema udongo hautadumu, inafaa saruji, na kamati ikamuunga mkono kwa nia njema kabisa: tukifanya, tufanye kitu cha kudumu. Nusu mfuko wa saruji ukasubiri fedha. Fedha zikasubiri kikao. Mtihani ukaisha, shule ikafungwa Desemba, mvua zikaanza, kila mtu akaenda shambani. Ubao wa dari ulirudishwa kwa misumari miwili. Nta ilibaki kwenye kenchi.

Hatua ishirini kutoka kwenye jengo lile kuna kichuguu. Udongo wake ukikandwa na kinyesi cha ng'ombe huziba ufa kama ule kwa mwaka au miwili, bure, kwa asubuhi moja ya watu watatu. Tulikipita kichuguu kila siku tukiwaza saruji. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu ni kwamba mioyoni mwetu kazi ilikuwa imeshakwisha. Sehemu ya hatari, ya usiku, ya kusimulia, ilikuwa imefanywa na mtu mwingine, vizuri sana. Iliyobaki ilikuwa yetu, na haikuwa na cha kusimuliwa.

Shule ilipofunguliwa Januari kulikuwa na kundi jingine ndani ya ufa uleule. Siku ya nne mtoto wa Darasa la Pili aliumwa mara kumi na moja. Wauguzi wa zahanati walimhudumia na kumwangalia hadi jioni, akapona. Lakini saa nane mchana mama wa mtoto na ndugu zake watatu walisimama mbele ya meza ya chapati stendi, mbele ya abiria, wakasema: "Nyuki wako wamemuuma mtoto wetu."

Nyuki wako. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Miezi mitatu kabla walikuwa nyuki wa shule, tena nyuki wa hatari, wa kumwagiwa petroli. Alipowagusa kwa mikono yake wakawa wake, na kundi geni lililokuja na mvua, ambalo hakuwahi kuliona, likawa lake pia. Kijiji hakikufanya hivyo kwa ubaya. Nadhani hutokea kila mahali palipo na mtu mmoja anayejitolea: tatizo likishapata mtu anayelipenda, wengine wote hulivua kama koti na kumvisha yeye.

Mama Nyuki hakujibu. Alifunika unga, akafunga banda, akakaa nyumbani siku mbili. Simu ya mwalimu mkuu hakuipokea. Ya kwangu pia hakuipokea.

Korongoni

Mtendaji ndiye aliyepata njia. Alimwendea nyumbani kwa miguu, hakupiga simu, akampa shikamoo na kukaa chini kabla ya kusema lolote. Akamwomba kitu kimoja: atuonyeshe mzinga wa Oktoba.

Tulikwenda watano, na baba wa mtoto alikuwamo. Mzinga ulikuwa umejaa. Aliufungua kidogo, moshi mwembamba, akatoa kijiti kimoja. Sega lilikuwa limeshikana na kijiti kwa nta mpya, na uzi wa katani haukuwapo. Akatuonyesha chini, mbele ya mlango wa mzinga: nyuzi fupi fupi za katani, zimelala kama manyoya. Nyuki hutafuna kamba wakishaishikiza nyumba yao, kisha huitupa nje. "Hawa ndio wa shule," alisema. "Hawajaondoka."

Baba wa mtoto aliinama akaokota uzi mmoja, akaugeuza. Hakusema samahani pale. Aliisema siku tatu baadaye, kwenye kikao, mbele ya watu, na kwa desturi yetu hiyo ni nzito zaidi.

Tulichokubaliana, na tulichobishania

Kikao kilikaa chini ya mkwaju. Wazo la kwanza lilikuwa aanzishe kikundi, kisajiliwe, kiombe ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Yeye akasema, "Mkopo utataka marejesho kila mwezi, na nyuki hawajui tarehe." Ninakubaliana naye. Mikopo ile ina faida yake kwa wanaofanya biashara, lakini tabia ya kuona mtu anafanya jambo zuri na kumkabidhi muhuri, daftari la mahudhurio na deni, ni namna nyingine ya kumtwisha.

Wazo la pili lilibishaniwa kwa saa nzima: alipwe? Wazee wawili walisema kulipa kutaua moyo wa kujitolea. Nawaheshimu, lakini nilisimama kuwapinga. Nilihesabu mbele yao. Asubuhi mbili bila chapati ni mauzo ya shilingi 60,000 ambayo hayakuingia, na unga na mafuta alivyokuwa amenunua kwa mkopo dukani vilidaiwa vilevile. Yaani wajukuu wake wawili ndio waliolipia dari ya shule yetu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa sababu tulimwona akitabasamu akiwa kazini. Mtu anaweza kufurahia kazi huku ikimgharimu, na furaha yake ndiyo iliyotufanya tusione gharama.

Mwenyewe alipopewa nafasi hakuzungumzia hela kwanza. Alisema kilichomuuma si asubuhi zile mbili. "Niliwaachia kazi ya udongo tu."

Basi makubaliano yakaandikwa, nusu ukurasa, mtendaji akapiga muhuri. Anayemwita humfidia asubuhi atakazokosa, kiasi kinachotajwa kabla hajaanza. Asali ni yake. Mwenye jengo hutoa watu wawili wa kubeba. Vijana wawili watajifunza kwake, na mmoja wao sasa ni binti aliyemaliza Kidato cha Nne, hodari kuliko wote tuliotegemea. Kundi likionekana limening'inia mtini, apigiwe siku hiyohiyo, asisubiriwe. Na sharti ambalo lilikuwa lake peke yake: mzinga hautabebwa hadi udongo wa kuziba uwe umeshachotwa, umekandwa, uko kwenye ndoo mahali anapouona.

Lile kundi la Januari alilitoa chini ya makubaliano hayo. Nilikanda udongo wa kichuguu mwenyewe, na baba wa mtoto alishika ngazi. Ufa umezibwa. Saruji bado haijanunuliwa.

Sijui kama mpangilio huu utadumu akija mtendaji mwingine au mwalimu mkuu mwingine, na udhaifu wake mwingine nauona: kaya maskini yenye nyuki chooni haina cha kufidia. Kwa hao anaendelea kwenda bure, kwa uamuzi wake, na safari hii sote tunajua kwamba ni zawadi.

Mwezi wa Machi, alizeti zikiwa zimefungua uso kotekote, nilikuwa stendi nakunywa chai simu yake ilipolia. Ilikuwa kutoka kijiji cha jirani, nyuki wameingia kwenye paa la ofisi. Aliibana simu begani, akageuza chapati, akasikiliza maelezo yote hadi mwisho bila kukatiza.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Udongo mmeshachota?"